Magugu yalikauka bila kuzaa, mbona shamba limejaa tena?

Mkulima_Ruai: Wadau, naomba ushauri. Nina robo ekari ya sukuma wiki huku Ruai. Msimu uliopita mvua ilikatika mapema, terere (mchicha wa porini) ikakauka kabla ya kutoa mbegu, hata kwa majirani. Sasa trekta imepita, mvua imenyesha, na terere imefunika shamba zima. Mbegu zimetoka wapi? Naambiwa ninunue dawa.

MamaShamba: Uliweka samadi ambayo haijaiva? Mbegu huja nayo.

Mkulima_Ruai: Hapana dada, sijaweka samadi kabisa.

Mtafiti_Kasarani: Basi zilikuwa humo humo ardhini. Terere huishi msimu mmoja, lakini mbegu zake haziamki zote pamoja. Mvua ikikatika, zilizoota hufa, zilizolala husubiri. Mwaka 1966 mwanabiolojia Dan Cohen alionyesha kwa hesabu kwamba mmea wa msimu mmoja ukiotesha mbegu zake zote kwa mpigo, msimu mmoja mbaya unaweza kumaliza kizazi chake. Panapokuwa na misimu mibaya mingi, inaufaa kuotesha chache tu kila mara. Kwa hiyo magugu unayoyaona yametokana na mbegu za misimu ya nyuma, ile iliyokuwa na mvua nzuri. Trekta nayo imeyaamsha: mbegu ndogo kama hizi nyingi husubiri mwanga, hata wa kitambo kidogo sana, na kupindua udongo huzileta juu.

Kijana_wa_Njiru: Zinaweza kulala muda gani?

Mtafiti_Kasarani: Inategemea aina. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William Beal alifukia chupa 20 za mbegu huko Michigan, Marekani. Moja ilifukuliwa 2021, na baadhi ya mbegu zikaota! Usitarajie terere ifike huko, ila miaka kadhaa inaweza.

Kuhusu dawa, ndugu yangu, nyingi huua kilichokwisha kuota. Mbegu iliyolala haiguswi. Palilia sasa, juu juu, jua likiwaka, kisha panda bila kuchimbua tena. Weka matandazo. Na tafadhali usiache hata shina moja likomae, maana terere moja kubwa hutoa maelfu ya mbegu.

MamaShamba: Ukitaka kujua akiba ya mbegu iliyobaki ardhini, chota udongo sehemu mbalimbali, tandaza kwenye beseni, mwagilia, uhesabu miche. Ukiisha kuing'oa, koroga udongo umwagilie tena, kutaota mingine.

Mkulima_Ruai: Asanteni sana. Nachota udongo leo jioni. Nichote kwa kina gani?

MamaShamba: Sentimita 5 za juu kwanza, halafu beseni jingine la chini yake. Usichanganye.