Kiuno kinauma tangu mwaka jana: yoga, tai chi, kutafakari au mwanasaikolojia?

Mama Dagaa: Wakuu habari za jioni. Niko Kirumba, Mwanza, kazi yangu pale sokoni Mwaloni, kuinama na kuinuka na dagaa kutwa nzima. Picha nimepiga, daktari kasema mifupa iko salama. Dawa nikimeza napata nafuu, zikiisha tunarudi palepale. Sasa naambiwa kuna tiba za mwili na akili kwa pamoja. Ipi inanifaa? Naomba waliojaribu, wauza dawa mpite kando.

Kijana wa Igoma: Kandwa na maji ya moto dada, hayo mengine mambo ya Wazungu.

Fizio Nyegezi: Yoga ya Wahindi, tai chi (mazoezi ya mwendo wa polepole) ya Wachina, Wazungu wamezifanyia utafiti tu 😀

Mama, pole. Kuna utafiti wa Boston, Marekani, uliotoka 2017, watu 320 wenye maumivu sugu ya kiuno, wengi wa kipato cha chini. Waliofanya yoga wiki 12 walipata nafuu inayokaribiana na ya waliopelekwa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo). Kutafakari na tiba ya fikra (ile ya kukaa na mwanasaikolojia) zilipimwa Seattle, matokeo yakatoka 2016: wiki 8, saa 2 kila wiki. Baada ya miezi 6, katika kila watu 100, kama 60 wa kutafakari na 58 wa tiba ya fikra walikuwa wanamudu shughuli zao vizuri zaidi kuliko mwanzo. Waliobaki na matibabu ya kawaida walikuwa 44. Kwa hiyo hizo mbili hazijaachana. Tai chi nayo inasaidia, ila ushahidi wake bado mwembamba.

Kijana wa Igoma: Sasa mtu anaumwa kiuno, akili inaingiaje hapo?

Fizio Nyegezi: Maumivu yakikaa muda mrefu, mishipa ya fahamu hubaki kama king'ora kilichokwama, kinalia na mwizi kashaondoka. Halafu mtu anaogopa kuinama, anajikaza, misuli inachoka, maumivu yanazidi. Anaumwa kweli, hajifanyishi.

Mwl Pasiansi: Mimi mlokole, yoga niliikwepa sana kwa sababu ya imani. Nikaja kuchukua mikao tu, nyimbo zao nikawaachia wenyewe. Ninaoupenda: unapiga magoti kwenye mkeka, viganja chini, unavuta pumzi huku tumbo likishuka na kichwa kikiinuka; ukiitoa, unaukunja mgongo juu kama paka aliyekasirika. Polepole. Bei yake ni mkeka. Mwanasaikolojia ni mzuri, lakini wa kukaa naye wiki 8 mfululizo kwa kipato chetu? Na mwalimu wa tai chi hapa Mwanza sijamwona, labda yuko Capri Point huko.

Nesi wa Ziwa: Kabla ya mkeka, Mama Dagaa nijibu haya. Una ganzi sehemu za siri au kwenye makalio? Mkojo au choo vinakusumbua? Miguu inaishiwa nguvu? Homa, jasho la usiku, kupungua uzito? Likiwepo hata moja, usisubiri, nenda hospitali. Kifua kikuu huingia kwenye mifupa ya mgongo. Na sisi wa kandokando ya ziwa tusisahau kichocho: mara chache kinafika hadi uti wa mgongo, na kinaanza hivihivi, kiuno kisha miguu.

Mama Dagaa: Asante nesi, hayo yote sina. Kichocho nitapima, maana maji ya ziwa naingia kila siku. Naanza na mkao wa paka, na kutafakari kidogo kabla ya kulala. Swali: mkeka nitandike alfajiri kabla ya kwenda Mwaloni, au jioni?

Fizio Nyegezi: Jioni, ukishaoga. Alfajiri diski za mgongo (vile vito laini kati ya pingili) zimejaa maji, na kuinama sana mara tu ukitoka kitandani kunazikandamiza. Hata beseni la kwanza la dagaa, kama linaweza kungoja, lipe saa moja.