Cobra ya bodi ya alumini: Kirkham au Shelby?

Mtaka_427
Wakuu heshima kwenu. Nipo Texas mwaka wa nane sasa, nimejibana weee mpaka hela imetimia, nataka Cobra 427, lile gari la michezo la Shelby, umbo la 1965, replika lakini maana orijino hainunuliki kwa mshahara. Nataka bodi ya alumini, sio faiba (plastiki yenye nyuzi za kioo). Nimeshaambiwa Kirkham wa Utah, Shelby wenyewe wa Las Vegas na Superformance. Nani anagonga bodi vizuri, na alumini inasumbua kutunza? Gari nitaiendesha, sio ya kufunika turubai.

FundiBodi
Mkuu Superformance MkIII iweke pembeni, ile ni faiba, inaundwa Afrika Kusini pale Gqeberha (zamani Port Elizabeth), gari nzuri tu ila sio unachotafuta. Shelby ndio uwe makini, Cobra zao zenye namba za chasisi za CSX4000 zinauzwa za faiba na za alumini pia, kwa hiyo usione CSX kwenye tangazo ukajua ni alumini. Na usiende na sumaku, haishiki alumini wala haishiki faiba, we ingiza kichwa chini ya mdigadi utazame kwa ndani, faiba nyuzi zake zinaonekana.
Mimi ningechukua Kirkham. Bodi zao zinatoka Mielec huko Poland, kiwanda kilichokuwa kinaunda ndege za MiG, sasa fundi aliyezoea bati la ndege sio mwenzako. Halafu wanakuuzia mpaka isiyopakwa rangi, alumini tupu imesuguliwa inang'aa. Hapo hakuna puti ya kuficha kitu, mshono ukipinda unauona. Shelby unalipia jina na ile namba ya CSX, siku ya kuuza itakusaidia.

Mama_Gereji
Mdogo wangu mimi nipo Uingereza, nina replika ya Jaguar C-Type, alumini, mwaka wa sita huu. Kutu nyekundu husikii, lakini alumini ikigusana na chuma ikapata maji ya chumvi inaliwa, na huku winta barabara zinamwagiwa chumvi. Fundi mmoja alinifungia skrubu za chuma bila kuweka kitu katikati, baada ya misimu miwili rangi ikaanza kuvimba vipele kuzunguka kila skrubu, niliumia sana. Uliza wametenganisha vipi bodi na mabomba ya chasisi. Na usiruhusu mtu aegemee, inabonyea, na kuinyoosha sio kazi ya kila fundi kwa sababu alumini ukiigonga sana inakakamaa mwisho inapasuka.
Ukija kupenda Jaguar waangalie Tempero, wapo Oamaru, New Zealand, kazi yao ya mkono nzuri mno.

Mtaka_427
Asanteni sana, dada hiyo ya skrubu sikuwa nimeiwaza kabisa. Kuna Kirkham isiyo na rangi inauzwa saa tatu kutoka hapa, Jumamosi naenda na tochi, nitalala chini niangalie bodi inapokutana na chasisi kabla hata sijaomba waiwashe.