Mwili wa kiongozi upitishwe barabarani ama upandishwe chopa?

Mkazi wa Umoja
Wakubwa, jana usingizi ulinikataa nikarudia ile video ya Septemba 2022, mwili wa Malkia Elizabeth ukitolewa Balmoral kupelekwa Edinburgh. Kilomita kama 280 hivi, masaa sita, wamepita Ballater, wamepita Aberdeen, Dundee, Perth, wakulima wamepanga matrekta kwa shamba kama gwaride na hakuna mtu amepiga bodi ya gari makofi. Sasa tuje kwetu. Moi 2020 alipelekwa Kabarak na helikopta ya jeshi. Baba, yaani Raila Odinga, naye Oktoba 2025, mpango ulikuwa aagwe Bunge, watu wakajaa uwanja wa ndege wa JKIA mpaka ndege zikasimama kwa muda, na mwili ukaishia uwanja wa michezo wa Kasarani. Swali langu ni moja: kiongozi akifa, mbona serikali isitangaze njia ya barabara mji kwa mji, saa kwa saa, mtu wa Naivasha aage akiwa Naivasha, wa Nakuru akiwa Nakuru, badala ya wote kukanyagana Nairobi? Mimi nasema barabara. Ila tukubaliane pia hawa madereva wetu wa magari ya maiti ni shida, wanakimbiza marehemu kama wanang'ang'ania abiria wa Githurai.

Dereva wa Usiku
Nimesoma vizuri mpaka hapo mwisho. Bwana Umoja, umewahi kushika usukani wa gari la maiti? Mimi huu ni mwaka wa kumi na moja, Nairobi kwenda magharibi, na sijakimbiza marehemu hata siku moja. Nimkimbize nikimpeleka wapi? Ukikanyaga breki ghafla pale mteremko wa Mai Mahiu na vile vyuma vya kushikilia jeneza vimelegea, linakuja mbele linagonga, tup, na mama ya marehemu amekaa hapo kando yako anakuangalia tu hasemi kitu. Hiyo sauti ukiisikia mara moja hurudii. Sisi ni sitini, sabini. Wanaokimbia ni mabinamu na Probox zao, wanapita msafara mara tatu wakiwa wamewasha hazadi kama ni harusi.

Mama Shiro
Hamkimbii, sawa, lakini mnasimama Kikopey. Nilizika shangazi yangu mwaka juzi, magari sita, tulikuwa tutoke mochari saa moja asubuhi tukatoka saa nne, kufika Kikopey dereva akaegesha palipo na jua kali, jeneza ndani, madirisha yamefungwa, yeye na vijana wakaingia kula mbuzi lisaa lizima. Mimi nilibaki nimesimama kando ya hilo gari na leso kichwani kama askari wa zamu. Mwenzake Malkia alilazwa kwa jeneza la mti wa mwaloni lenye risasi ndani, hata jua likiwaka vipi hakuna kitu kitatokea.

Kayole Moja
Risasi??? Za nini sasa na amekufa tayari

Karani Mstaafu
Kijana, risasi ile ya madini, ya kwenye betri ya gari, wanazungushia ndani ya jeneza hewa na unyevu visipite. Ndiyo maana lilikuwa zito likabebwa na wanajeshi wanane. Na kwa faida ya Umoja, ile safari haikupangwa wiki ile. Mpango wa kifo chake ulikuwa na jina, London Bridge, ukaanza kuandikwa miaka ya sitini huko, na kulikuwa na mwingine wa kando ukiitwa Unicorn, wa kama angefia Scotland, na ndiko alikofia. Yaani mtu alikaa ofisini akajiuliza akifia huku tunapita wapi, akifia kule tunapita wapi. Hata usiku kabla ya shughuli London walifanya mazoezi barabarani saa za kulala, wanajeshi na farasi. Halafu siku ya mazishi yenyewe kigari cha mzinga kikavutwa na farasi mpaka kanisa la Westminster.

Mwana wa Mumias
Mzee hapo kwa farasi umeteleza. Kile kigari kilivutwa na mabaharia 142 kwa kamba. Farasi walivurugika kwa mazishi ya Malkia Victoria 1901, kifungo cha kuvutia kigari kikakatika, mabaharia wakaingia kuvuta, tangu hapo ikawa desturi.

Karani Mstaafu
Kweli, farasi walikuwa mbele kwa gwaride tu. Nimerekebishwa.

Kondakta Mkongwe
Hawa watu mnawasifu mipango mizuri si ndio walimpakia rais wetu kwa basi? Ruto alikuwa ameapishwa wiki hiyo hiyo, tarehe 13, tarehe 19 unamwona na Mama Samia wamebanana kwa viti kama wanaenda semina Naivasha. Mimi nimefanya kazi ya gari miaka ishirini na najua vile mtu anakaa akiwa hajafurahia kiti.

Kayole Moja
😂😂 na Biden alikuja na gari lake

Karani Mstaafu
Basi walipanda wengi, hata Mfalme wa Japani. Huwezi kuleta wakuu wa nchi karibu mia, kila mmoja na magari kumi, kwa barabara za katikati ya London na bado utarajie jeneza lipite. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kupanga msafara. Na huyo Biden na lile gari lake alikwama kwa foleni ya magari njiani, picha zipo, gari limesimama mbele ya duka la sandwichi.

Kondakta Mkongwe
Afadhali ukwame kwa lako.

Mkazi wa Umoja
Jamani, basi tuliache. Swali ni barabara ama chopa.

Kayole Moja
Barabara bora isipite Kikopey. Hawa watu wa magharibi wakiona moshi wa nyama hata marehemu anaweza kuteremshwa aonje

Mwana wa Mumias
Ulijua lazima niijibu hiyo. Nyinyi mnazika Lang'ata saa nane, saa kumi mko kwa nyumba mnaangalia mpira. Sisi mtu akifia Nairobi anarudi kwao, kilomita mia nne, na watu wanaomsindikiza wamekesha kwa vikao vya mchango tangu Jumatatu, wamelia, hawajala, kuna bibi wa miaka sabini na sukari ndani ya ile matatu. Unataka apite Kikopey afike Kakamega saa mbili usiku na tumbo tupu akaanze kupika matanga? Sisi kufa ni kusafiri. Hata Wazulu 2021, mfalme wao Zwelithini alifia Durban, wakamtoa kwa msafara wa magari mpaka Nongoma, akazikwa usiku na wanaume peke yao. Hakuna aliyewacheka.

Mama Shiro
Hakuna amekataza mtu kula, mwanangu. Nimesema jua. Kuna mti pale, kuna kivuli, egesha chini ya mti.

Mwana wa Mumias
Mama kwako sina neno, nilikuwa namjibu huyo mtoto.

Kayole Moja
Mtoto ana miaka 34

Mjukuu wa Othaya
Nashangaa. Watu wazima mmekaa mnahesabu matrekta ya Scotland. Huyu mama aliupata umalkia akiwa huku kwetu, Februari 1952, alilala hoteli ya Treetops akaambiwa babake amekufa akiwa Sagana. Mwaka huo huo haujaisha hali ya hatari ikatangazwa, babu yangu akaingizwa kambini na Waingereza. 2013 ndio Uingereza ikalipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, piga hesabu kila mmoja ni ngapi. Halafu mnaniambia mazishi yake yalipangwa vizuri. Hata kambi zilipangwa vizuri.

Karani Mstaafu
Ndugu Othaya huna makosa, na hakuna mtu hapa ameomba tumlilie. Lakini adui yako akijua kufunga barabara bila watu kuumia, si unaweza kuiba ujuzi bila kuiba adui? Mazishi yale yaliwatoka pauni milioni 162 kwa hesabu ya serikali yao yenyewe, kwa hivyo usidhani ilikuwa heshima tu, ilikuwa pesa. Mimi kuna kitu kimoja kilinigusa. Kutoka London kwenda Windsor kuna barabara kuu ya haraka, wakaiacha makusudi, wakapita ile ya zamani ya A30 katikati ya mitaa ili watu wasimame waone. Gari lenyewe lilitengenezwa na vioo vikubwa na taa ndani, hata giza likiingia jeneza linaonekana. Na Heathrow ndege zikasimama kupaa na kutua dakika za kimya. Mtu alifikiria hata kelele za angani.

Mjukuu wa Othaya
Mimi nimefikiria babu yangu.

Dereva wa Usiku
Wacha niongee kama mtu wa kazi, maana Umoja aliniita shida. Kilomita 280 kwa masaa sita ni arobaini na saba kwa saa. Kwa huo mwendo Nairobi Kisumu ni masaa saba na kitu bila kusimama popote. Jeneza halina neno, mwili ukidungwa dawa vizuri unavumilia, kibali cha mazishi ninacho mfukoni, mafuta nilijaza kabla ya kufika mochari kwa sababu wenye msiba wakishapanda hawataki kuona stesheni ya petroli. Mahali pagumu ni hapa: hiyo barabara ndiyo hiyo hiyo ya malori yanayotoka Mombasa kwenda Uganda. Ukiifunga masaa hayo yote unafungia Kampala mafuta na unga. Scotland wanaweza kufunga upande mmoja na kuzungusha watu. Sisi ukitoka Nakuru kuelekea Mau Summit utazungushia lori la tani thelathini wapi, kwa shamba la viazi? Kwa hivyo siyo barabara ama chopa. Ni masaa gani, na kipande gani. Mtu aniambie Gilgil mpaka Nakuru, Jumapili, saa moja mpaka saa tatu asubuhi, malori yalale Naivasha, hiyo inawezekana kabisa. Lakini watu waambiwe ukweli wa saa. Ukimwambia mtu mwili unapita saa nne na upite saa kumi, hapo katikati ameshasogea katikati ya lami kuchungulia, nyuma yake wamesukumana, na sasa huna barabara tena.

Kayole Moja
Masaa sita dereva wa Malkia alikojoa wapi lakini

Kondakta Mkongwe
HILO ndilo swali. Tangu asubuhi watu wanaongea risasi na mabaharia na hakuna ameuliza la maana.

Mama Shiro
Aibu yenu.

Kondakta Mkongwe
Mama mimi nauliza kikazi. Nimeendesha Nairobi Malaba, najua kilomita ya mia mbili mtu anakuwaje.

Dereva wa Usiku
Hunywi chai asubuhi. Hiyo ndiyo siri yote. Unakula kiazi kikavu saa kumi na moja, unakunywa maji funda moja, unaenda. Na ukibanwa kabisa unawaambia wenye msiba unataka kuangalia magurudumu. Kila dereva wa gari la maiti Kenya hii amewahi kuangalia magurudumu.

Kayole Moja
Nimelia 😭 KUANGALIA MAGURUDUMU

Mwana wa Mumias
Kumbe mwaka jana pale Salgaa mlikuwa mnaangalia magurudumu wote watatu.

Mkazi wa Umoja
Dereva nakuomba radhi kwa ile ya Githurai. Na hiyo hoja ya malori sikuwa nimeifikiria. Lakini mbona basi mnasema haiwezekani, kwa Diana 1997 si watu walirusha maua mpaka dereva akawasha waipa kutoa maua kwa kioo? Na walifika.

Dereva wa Usiku
Sijasema haiwezekani, soma tena. Na maua ni mepesi. Huku watu wanakuja na matawi ya miti, wanafunga mbele ya redieta, injini inachemka. Nimewahi kutoa tawi zima la mkaratusi pale Luanda ya Vihiga nikiwa na suti nyeusi.

Kondakta Mkongwe
Rais kwenye basi lakini. Siwezi kusahau.

Mjukuu wa Othaya
Angekataa kwenda.

Kondakta Mkongwe
Angeenda na nduthi.

Karani Mstaafu
Kuna jambo la foleni pia hamjagusa. Pale Westminster watu robo milioni waliaga kwa siku nne na kitu, wamefungwa kanda mkononi zenye namba, mtu anatoka kwenye mstari kwenda msalani na anarudi mahali pake. Ikijaa wanaifunga kule Southwark Park wanasema msije kwanza. Hapa kwetu foleni ya kuaga ni nani ana kiwiko kigumu.

Kayole Moja
Kanda zenye namba hapa Nairobi zingeuzwa River Road jioni hiyo hiyo

Mama Shiro
Na ungekuwa wa kwanza kununua.

Dereva wa Usiku
Mimi nimeitwa, kuna mwili unatoka saa tatu usiku huu kwenda Busia. Mama Shiro nitaegesha chini ya mti hata kama ni usiku.

Mama Shiro
Mungu akutangulie. Na usimwache peke yake ndani.

Jirani wa Pipeline
Nimefika saa hii nimesoma yote. Dereva kabla hujaondoka, kwenda Kakamega ni pesa ngapi? Sio eti kuna mtu amekufa, naulizia tu.

Dereva wa Usiku
Inategemea kama mwili unalala njiani na kama ni gari moja ama na matatu ya watu. Nipigie kesho kutwa asubuhi, kesho nitakuwa nimelala.