BCG (chanjo ya kifua kikuu) kwa mtoto ambaye kaka zake walifariki wachanga: isubiri?

Mkunga_Zamu
Wadau, kuna mama mwenye mimba ya wiki 36. Wanawe wawili wa kiume walifariki kabla ya miezi sita: nimonia, utando mweupe mdomoni usiokoma, kuhara. VVU hasi. Kaka wa mama naye alikufa hivyohivyo. Akizaliwa wa kiume, BCG achomwe siku ya kwanza kama kawaida? Na hicho kipimo cha Marekani cha tone la kisigino kinapima nini?

Seli_T
Asichomwe kwanza. Wavulana pekee, tena hadi mjomba, hiyo inanusa SCID (ugonjwa wa kuzaliwa bila kinga ya mwili) ya kromosomu X (jini IL2RG): kila mtoto wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu. BCG ni bakteria hai, na asiye na seli T (seli nyeupe za kinga) itamsambaa mwilini. Matone ya polio na rota nayo ni hai, yasubiri. Uingereza ilipoanza majaribio ya kuchunguza SCID kwa tone la kisigino Septemba 2021, BCG ilisogezwa hadi siku ya 28 ili majibu yatangulie.

Maabara2
Kinachopimwa ni TREC. Seli T ikikomaa kwenye thaimasi (tezi ya kifuani) hukata kipande cha DNA kinachojifunga kama pete. Pete hizo, ndizo TREC, hazijinakili seli inapogawanyika, kwa hiyo zikikosekana, seli mpya hazitengenezwi. Wisconsin ilianza 2008, na kufikia mwisho wa 2018 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yanapima.

Jini la aktini hupimwa kuhakiki sampuli. Likishuka nalo, damu ndiyo mbovu: heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) ya katheta, au kadi ya tone la damu iliyofungwa mbichi. Ilazwe ikauke saa 3 hadi 4, mbali na jua. Watoto njiti hurudiwa kipimo.

Seli_T
Kama TREC haipo, piga FBP (kipimo cha hesabu ya seli za damu) siku ya kwanza na uzidishe mwenyewe: seli nyeupe mara asilimia ya limfosaiti (kundi la seli nyeupe lenye seli T na B). Chini ya 2,500 kwa mikrolita ni hatari. Usitegemee alama ya mashine, maana mara nyingi imewekewa viwango vya watu wazima, na 1,500 itapita kimya.

Hesabu nzuri pia haitoshi. Seli B, au seli za mama zilizovuka kondo, huijaza. Omba CD3 (alama ya seli T zote) kwenye maabara ya CD4, ile ya wenye VVU, ila uliza kwanza. Mashine nyingine huhesabu CD4 peke yake.

Mkunga_Zamu
Akihitaji damu?

Seli_T
Iliyopigwa mionzi tu. Na rufaa iandikwe mapema: Amerika Kaskazini, watoto wa SCID waliopandikizwa uboho kabla ya miezi mitatu na nusu, 94 kati ya 100 walikuwa hai miaka mitano baadaye. CD3 ikitoka safi, na daktari wa rufaa akaridhika kuwa si seli za mama, BCG ichomwe wiki hiyohiyo.