Mjadala: Mwongozaji wa makumbusho ya wahamiaji aeleze tu, au awazungumzishe wageni?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila jazba. Nambari 97, mtaa wa Orchard, New York, lipo jengo la ghorofa lililojengwa mwaka 1863, ambamo hadi mwaka 1935 walipanga watu wapatao 7,000 kutoka nchi zaidi ya 20. Leo ni makumbusho. Mwaka 2004 palianzishwa hapo Mazungumzo ya Jikoni: baada ya kutembezwa vyumbani, wageni waliopenda waliketi pamoja, wakapewa kinywaji na vitafunwa, kisha mwongozaji akawauliza wanauonaje uhamiaji wa leo.

Wapo wanaopinga, wakisema mtu hulipa kiingilio ili aelezwe historia, si ili asikilize malumbano ya watu asiowajua. Nawaelewa, hata mimi huchoshwa na vikao ambavyo kila mtu ana maoni na hakuna mwenye habari kamili. Lakini kinachonisumbua ni kingine: mwongozaji afanye nini mgeni anaposema, tena kwa nia njema kabisa, kwamba babu zake walikuja kihalali?

Kauli hiyo haifai kuachwa ipite kama maoni. Mzungu aliyeshuka melini New York katika karne ya 19 hakudaiwa viza, ilhali sheria ya Marekani ya mwaka 1882 ilikwisha kuwafungia mlango vibarua wa Kichina. Na mgawo wa mwaka 1924, yaani kikomo cha idadi ya wahamiaji kutoka kila nchi, ulipowabana Wataliano na Wayahudi wa Ulaya Mashariki, uhalali ukawa jambo la bahati ya tarehe na mahali pa kuzaliwa. Katika jengo hilohilo aliishi Adolfo Baldizzi, seremala kutoka Sicily, ambaye alikuwa amezamia meli. Ajira zilipokauka miaka ya 1930 alizunguka mitaani na sanduku lake la zana akitafuta kibarua, na katika nyumba yake wageni husikilizishwa sauti iliyorekodiwa ya bintiye akisimulia utoto wake humo.

Kwa maoni yangu, mazungumzo yaje baada ya sauti hiyo, si kabla, na mwongozaji awe na ruhusa ya kusahihisha tarehe na sheria hata akimkera mgeni, huku hukumu juu ya wahamiaji wa leo akiwaachia wageni wenyewe. Msiokubaliana nami, nijibuni hili: mgeni akishikilia lake hata baada ya kuelezwa, mwongozaji abishane naye mbele ya wenzake, au ampe nafasi anayefuata?