Naomba ushauri: kifaa cha kuongelea simu garini kinasahau simu kila nikizima gari

Habari zenu wakuu. Nimefunga mwenyewe kifaa cha bluetooth cha kuongelea simu bila kuishika, na nimekwama.

Kina nyaya tatu: nyekundu ya moto wa kudumu (upo hata gari likizimwa), nyeusi ya ethi (upande hasi), ya chungwa ya moto wa swichi (upo swichi ikiwashwa tu). Nimeziunga nyuma ya redio kwa kufuata rangi za kawaida za redio, ambapo njano ni moto wa kudumu na nyekundu ni wa swichi: nyekundu ya kifaa kwenye njano ya redio, ya chungwa kwenye nyekundu ya redio. Kinawaka na sauti inatoka vizuri, ila nikizima gari kinasahau kila kitu, nikiwasha naanza upya kuunganisha simu. Pia kuna mlio mwembamba kwenye spika unaopanda kadiri ninavyokanyaga mafuta. Huo unanikera zaidi.

Nimepima kwa mita swichi ikiwa imezimwa: waya wa njano wa redio unasoma 0, mwekundu unasoma volti 12.4. Nilitegemea kinyume chake, kwa hiyo nashuku gari hili limegeuza rangi. Fyuzi ni nzima. Maikrofoni nimeihamishia karibu na kioo cha juu, mlio haukupungua.

Je, inatosha kubadilishana waya mwekundu na wa chungwa wa kifaa, bila kugusa za redio? Na kwa mlio, nianze kuhamishia ethi kwenye bodi ya gari au nifunge kichujio kwenye waya wa moto? Sijakata waya wowote wa gari.