Mwanangu kasimamishwa shule mara ya 3 mwaka huu. Wazazi wenye wavulana huku Marekani mnafanyaje?

Mama Eliya
Wadau habari za jioni. Sisi tumetokea Kigoma, huu mwaka wa 6 tuko Ohio. Mwanangu ana miaka 10, yuko gredi ya 4, na toka mwezi wa 9 mpaka leo kasimamishwa mara 3. Ya juzi ndo imeniuma. Walikuwa wanarushiana kifutio na mwenzie wa kizungu, kifutio cha penseli hiki cha kawaida, wote wawili wanacheka, yule mwenzie mama yake akapigiwa simu ikaishia hapo, wangu akarudishwa nyumbani siku 2 na karatasi imeandikwa mkaidi na anatishia wenzie. Anatishia! Mtoto anayelala taa inawaka kwa kuogopa giza.

Mara ya kwanza nilimgombeza sana, ya pili baba yake akamnyima baiskeli, hii ya tatu nilipomuuliza akanijibu "mama hata nikikaa kimya ticha ananiangalia mimi tu". Nilikosa la kumwambia. Hesabu alikuwa anazipenda mno, sasa daftari haligusi. Naombeni mniambie, ni sisi hatujui kulea au kuna jambo hapa? Na tafadhali mtu asiniambie nimrudishe nyumbani.

MsaidiziWaDarasa
Pole sana mama Eliya. Mimi nafanya kazi ya msaidizi wa mwalimu Minnesota, mwaka wa 8 huu, na hilo neno la mwanao limenigusa kwa sababu ni kweli kabisa. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Yale wakiongozwa na Walter Gilliam waliwaonyesha walimu wa chekechea video ya watoto 4, mvulana na msichana weusi, mvulana na msichana wa kizungu, wakaambiwa watafute utundu unapoanza. Kwenye video hakukuwa na utundu wowote. Kumbe kuna mashine inafuatilia macho yao, na macho yalikuwa yanarudi zaidi kwa yule mvulana mweusi, hata ya walimu weusi wenyewe. Sasa ukiangaliwa wewe tu kutwa nzima, kosa lako ndo litakaloonekana, la mwenzio litapita.

Takwimu za wizara ya elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2017-18 zinasema wavulana weusi ni karibu 8 katika kila wanafunzi 100, lakini kwa waliorudishwa nyumbani ni karibu 25 katika 100. Hiyo si malezi ya mama mmoja wa Ohio.

Fanya hivi, usipige simu, andika email. Omba mitingi na prinsipo, omba ripoti ya kila tukio na waeleze kwa maandishi kwa nini adhabu zilitofautiana. Na omba mkalimani, ni bure, shule inayopokea hela ya serikali kuu inabanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964. Nimewaona mama zetu wengi kwenye zile mitingi wanatingisha kichwa yes yes wanasaini kitu hawakukielewa, na mtoto mwenyewe ndo anafanywa mkalimani wa kesi yake!

Baba Watatu
Mi natofautiana kidogo. Tunapiga shifti 2, mtoto saa 6 usiku yuko kwenye simu, asubuhi anasinzia darasani halafu tunasema ubaguzi. Tukae na watoto kwanza. Na ukiweza hamia mtaa wenye shule nzuri, haya mambo yataisha.

Wanjiku_TX
Baba Watatu hapo kwa simu nakubaliana na wewe, lakini hiyo ya kuhama mimi nimeifanya. Tulihamia mtaa wa wenye pesa, msichana wangu akatulia vizuri, kijana bado alikuwa anafuatwa fuatwa. Baadaye nikasoma ule utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake wa 2018, wavulana weusi waliolelewa kwa familia za matajiri bado wanakuja kupata mapato ya chini kuliko wazungu waliolelewa kwa mapato hayo hayo, hata mtaa ukiwa mmoja. Wasichana pengo hilo halionekani.

Mama Eliya shika sana hizo hesabu. Huku mtoto asipoingia aljebra mapema anaachwa nyuma hadi high school, na mara nyingi anayependekeza ni mwalimu. Wangu alikuwa na maksi zote na hakupendekezwa, nikaenda na ripoti zake mkononi nikauliza kigezo ni kipi, wiki iliyofuata akawekwa. Kaunti ya Broward kule Florida walipoacha kungoja mapendekezo wakapima kila mtoto wa gredi ya 2, watoto weusi wengi wenye vipaji wakaonekana. Walikuwa hapo siku zote.

Papa Bahati
Mama pole. Siye huku Iowa batoto yetu banapitia mule mule. Mie nilikamata konje (ruhusa) siku moja kwa kazi, nikaenda kukaa nyuma ya darasa, kimya tu. Toka ile siku mwalimu alijua ule mutoto iko na baba.

MsaidiziWaDarasa
Papa Bahati umesema kweli, ila uombe ruhusa ofisini kwanza.

Naongeza kitu. Uliza kama shule ina mwalimu mweusi hata mmoja. Huko North Carolina watafiti walifuatilia wanafunzi miaka mingi, mvulana mweusi wa familia maskini sana akifundishwa na mwalimu mweusi hata mmoja kati ya gredi ya 3 na ya 5, uwezekano wa kuacha high school ulishuka kwa asilimia 39. Mwalimu mmoja tu! Na hawa walimu walikuwepo, baada ya hukumu ya mahakama ya 1954 ya kuchanganya watoto weusi na wazungu shuleni, maelfu yao kusini walipoteza kazi, watoto wakapokelewa, walimu wao wakaachwa nje.

Mama Eliya
Asanteni sana jamani, nimesoma zote na mume wangu. Email nimetuma, wamenipa alhamisi saa 2 na nusu asubuhi, mkalimani atakuwa kwenye simu. Jana usiku nilimwomba Eliya msamaha kwa kumgombeza bila kumsikiliza, akalia, nami nikalia. Leo kaniuliza kama na yeye anaweza kuja. Wenye uzoefu, mtoto anaruhusiwa?

Wanjiku_TX
Mwombe prinsipo, mara nyingi wanakubali. Aje na lile daftari la hesabu.